Ukubwa wa Tairi na Ukweli wa Kipima Mwendo

Barabara nyingi za kata zetu ni za changarawe na zina makorongo. Kwa sababu hiyo wamiliki wa magari madogo huondoa tairi zilizokuja na gari na kufunga kubwa zaidi ili gari linyanyuke. Nia hiyo inaeleweka. Lakini, ndugu mkazi, pamoja na kimo cha gari hubadilika jambo jingine ambalo fundi mara nyingi halitaji: mshale wa kipima mwendo huanza kuonyesha pungufu ya mwendo halisi.

Kipima mwendo cha kawaida hakiitazami barabara. Huhesabu mizunguko ya magurudumu, au ya shafti ya giaboksi, kisha huigeuza kuwa kilomita kwa saa kwa kufuata ukubwa wa tairi uliokadiriwa kiwandani. Tairi ikiwa kubwa, kila mzunguko hulisogeza gari mbele zaidi, nacho kipimo hakina njia ya kulitambua hilo.

Tuchukue tairi iliyoandikwa ubavuni 195/65 R15. Upana wake ni milimita 195. Kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana huo, yaani milimita 126.75. Rimu ya inchi 15 ni sawa na milimita 381. Jumlisha rimu na ubavu mara mbili, wa juu na wa chini, utapata kipenyo cha milimita 634.5. Mwenye gari akifunga 205/70 R15, hesabu ileile huleta milimita 668. Gari limenyanyuka kwa nusu ya tofauti hiyo tu, yaani chini ya sentimita 2. Faida ndogo, kwa maoni yetu, ukilinganisha na gharama. Kipenyo kimeongezeka kwa asilimia 5.3. Iwapo mshale ulikuwa sahihi hapo awali, sasa ukionyesha 50 gari liko 52.6, ukionyesha 80 liko 84, ukionyesha 100 limepita 105.

Yupo atakayesema kilomita mbili na nusu si kitu. Hata hivyo, umbali wa kusimama tangu breki zishike hukua kwa mraba wa mwendo, hivyo asilimia 5.3 huwa karibu asilimia 11. Kwenye lami kavu gari huhitaji takriban mita 14 kusimama kutoka mwendo wa 50. Ongezeko lake ni mita moja na nusu. Mbele ya kivuko cha wanafunzi, huo ni umbali wa kumfikia mtoto au kutomfikia. Nayo tochi ya askari wa usalama barabarani hupima mwendo wa gari lenyewe, haipimi mshale wa dereva.

Ipo akiba kidogo. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa inakataza kipima mwendo kuonyesha chini ya mwendo halisi, hivyo magari mengi hutoka kiwandani yakionyesha zaidi kidogo. Tairi kubwa huila akiba hiyo kwanza.

Kihesabu cha kilomita nacho hupotoka. Katika mfano wetu, gari linalosoma kilomita 50,000 limetembea takriban 52,650, na oili inayobadilishwa kila 5,000 huwa imechelewa. Tairi ndogo hufanya kinyume: anayekodi gari kwa kilomita hulipia safari ambayo hakusafiri.

Saizi iliyopendekezwa huandikwa kwenye kibandiko kilichopo fremu ya mlango wa dereva katika magari mengi. Tairi zikiwa zimekwisha kubadilishwa, tumia nguzo za kilomita kando ya barabara kuu: abiria, si dereva, aandike namba ya kihesabu kwenye nguzo moja na tena baada ya kilomita 10. Kikiongezeka kwa 9.5 tu, mwendo halisi wa gari hilo unazidi ule wa mshale kwa takriban asilimia 5, mbali na akiba ya kiwandani.