MAREJESHO: NENO MOJA, MAANA NYINGI

Masomo ya kusoma kwanza: 2 Wafalme 8:1-6, Yoeli 2:18-27, Luka 19:1-10, Wagalatia 6:1-5.



Katika makesha yetu neno linaloombwa sana ni hili: marejesho. Mama mmoja anaomba mumewe arudi nyumbani, kijana anaomba kazi iliyopotea, mgonjwa anaomba nguvu zake, mwingine anaomba ng'ombe walioswagwa wakati wa vita. Wote wanasema, "Bwana, nirudishie." Ni maombi mazuri. Lakini tusipoangalia, tutaomba jambo moja huku Maandiko yakituonyesha lingine.

Wanaosema Kifaransa wanalijua neno "restauration", na neno "restaurant" limetoka katika ukoo huohuo, kwa sababu hapo mtu hurudishiwa nguvu kwa chakula. Kwa hiyo hata mama wa malewa anayempa fundi sahani ya fufu na sombe anafanya marejesho ya namna yake! Lakini tuje kwenye Biblia.

Katika Kiebrania kuna neno "shub", kurudi au kurudisha. Kuna na lingine, "shalam", ambalo ni kulipa mpaka deni limekwisha, na ndugu yake ni "shalom", amani. Basi Yoeli 2:25, andiko tunalolipenda, pale Mungu anapoahidi ile miaka iliyoliwa na nzige, linatumia neno la pili. Ni lilelile la Kutoka 22:1, ambapo mwizi aliyechinja au kuuza ng'ombe wa mwenzake analipa watano kwa mmoja, na kwa kondoo analipa wanne. Ahadi ya Yoeli na sheria ya mwizi zinasema kwa kinywa kimoja. Mungu anajitia mahali pa mlipaji. Je, mtu anayemwomba Mungu amlipe, naye ana mali ya jirani nyumbani mwake, anaomba nini hasa?

Tumsikilize mama Mshunami. Mwanamke huyu alipata marejesho mara mbili, na mara hizo mbili hazifanani. Mara ya kwanza mwanawe alikufa, na Elisha nabii wa Mungu akamwombea, mtoto akafumbua macho (2 Wafalme 4). Hapo hakuna mwanadamu ambaye angeweza kumrudisha. Mara ya pili ni habari ya shamba. Nabii mwenyewe alimwambia akimbie kwa sababu ya njaa, akakaa miaka saba katika nchi ya Wafilisti. Aliporudi hakuwa tena na nyumba wala shamba. Biblia haisemi nani alilichukua. Huenda alikuwa jirani, huenda mkubwa fulani. Mama huyu hakukaa nyumbani kungoja muujiza, alikwenda kumlilia mfalme. Mfalme akaweka akida mmoja, akamwamuru arudishe vyote vilivyokuwa vyake, pamoja na mapato yote ya shamba tangu siku alipoiacha nchi.

Angalieni jambo hili, wapendwa. Mtoto alirudi kwa maombi. Shamba lilirudi kwa sababu kulikuwa na mtu aliyeamriwa kulitoa.

Sisi wa Mumosho tunaisoma habari hii kwa macho yetu wenyewe. Tuko kando ya Ruzizi, na mpaka ni mto. Vita ya 1996, vita ya 1998, mapigano ya Bukavu mwaka 2004, tena Februari 2025: katika kila moja watu wa pande hizi wamefunga mizigo wakaenda. Kila watu wanaporudi, kuna wanaokuta mti wa mpaka umehamishwa. Kuna lingine lililo gumu zaidi. Katika Bushi shamba la kalinzi ni la mtu na watoto wake, kwa sababu lilitolewa ng'ombe kwa chefu. Shamba la bwasa ni la kuazima kwa msimu, na mwenye bwasa hulima maharagwe, mahindi au mihogo, lakini hapandi migomba. Basi mwenye shamba akiwa mbali, na mtu wa bwasa akapanda migomba, kila Mushi anajua anatafuta nini. Mjane akirudi anaambiwa, "Mama, migomba ni yangu, ondoka." Na huyo anayesema hivyo, Jumapili anaweza kuwa mbele akipiga ngoma.

Wako watakaosema, "Mimi sikuiba, nalitunza tu." Sawa. Basi mpe mwenyewe. Juni 2022 Mfalme Philippe wa Ubelgiji alileta Kinshasa kinyago kikubwa cha Kakuungu cha Wasuku, lakini kwa mkopo usio na mwisho. Mwenye mali akaazimwa mali yake. Tulicheka, lakini hapa kijijini kuna wanaofanya vivyo hivyo: wanamwachia mjane kipande alime, na kila mwaka wanamkumbusha kwamba ni kwa huruma yao.

Ni kweli kwamba kuna vitu ambavyo mwanadamu hawezi kuvirudisha. Nabii Simon Kimbangu alikamatwa Septemba 1921, akahukumiwa kufa, kisha hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Alikaa gerezani Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, hata alipofariki tarehe 12 Oktoba 1951. Kanisa lake likakubaliwa na serikali Desemba 1959, na mwaka 1960 mwili wake ukarudishwa Nkamba. Tangu 2023 tarehe 6 Aprili ni sikukuu ya nchi nzima kwa heshima yake. Mwili ulirudi, jina lilirudi. Ile miaka thelathini ni nani aliyeilipa? Hapo ndipo mahali pa Yoeli na pa Matendo 3:21, wakati ambapo Mungu atafanya upya vitu vyote. Tumwachie Mungu yaliyo yake, lakini tusimwachie na shamba la jirani.

Neno la tatu ni la Kiyunani, "katartizo". Katika Marko 1:19 wana wa Zebedayo wanatengeneza nyavu, na katika Wagalatia 6:1 tunaamriwa kumtengeneza kwa upole ndugu aliyenaswa katika kosa. Wavu uliochanika haupigwi wala hautupwi, unashonwa kwa vidole, polepole.

Lakini hapa tuseme kwa nguvu. Andiko hilo ni kwa aliyekosa. Mama aliyefanyiwa jeuri na watu wenye silaha hakukosa. Asiwekwe kiti cha nyuma, asipewe siku za toba, asiitwe "kurejeshwa" kana kwamba yeye ndiye aliyetoka kwa Bwana. Katika Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa Bukavu mwaka 1999, Daktari Denis Mukwege na wenzake wamewatengeneza maelfu ya wanawake miili yao. Sheria ya tarehe 26 Desemba 2022 inasema kwamba wahanga hao wana haki ya kulipwa fidia. Daktari anashona mwili, sheria inataja fidia. Mahali pake karibu na moto wa nyumbani, na heshima ya jina lake kisimani, hivyo viko mikononi mwa mume wake, mama mkwe wake, na sisi.

Tumalizie kwa Zakayo. Yesu hakumdai franka hata moja. Alikula kwake tu, na Zakayo mwenyewe akasimama akataja: nusu ya mali kwa maskini, na kila aliyemdhulumu amrudishie mara nne. Hakusema "nitaomba juu ya jambo hilo".

Kwa hiyo, anayeshika kitu cha mwenzake aende kwa wazee kabla ya kesha lijalo. Na mavuno yahesabiwe, kwa maana yule mfalme hakurudisha udongo peke yake. Asiyeweza kulipa yote kwa mara moja aseme ataleta nini msimu huu wa maharagwe na nini msimu ujao, mbele ya mashahidi wawili wa kila upande, na chefu wa kijiji apate habari.