Ziba Mianya ya Mlango Kabla ya Masika

Masika huanza Machi na kuendelea hadi Mei. Mvua ikija na upepo hupenya pembeni mwa fremu na chini ya mlango, kulekule kunakopita vumbi la mitaa ya Kariakoo jijini Dar es Salaam, mende na mbu. Mwanya wa milimita 6 unatosha kumpitisha panya mdogo. Kuuziba ni kazi ya saa chache, na raba za kuzibia zinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi.

Anza na bawaba. Mlango ukiwa umeinama, kaza skrubu zake kwanza, maana raba hainyooshi mlango.

Kisha pima pande mbili na juu. Mlango wa sentimita 210 kwa 90 unahitaji mita 5.1, nunua 5.5. Pima na unene wa mwanya, ukikumbuka kwamba mbao huvimba wakati wa mvua. Chagua raba laini inayobonyea, ili kitasa kifunge bila kusukumwa kwa bega.

Piga msasa rangi inayobanduka, osha fremu kwa sabuni, uiache ikauke kabisa. Gundi haishiki juu ya vumbi wala unyevu. Bandika raba pale mlango unapogota, kidogo kidogo kutoka juu kwenda chini, ukikandamiza kwa kidole. Usiivute: ikivutwa hurudi baadaye na kuacha tundu kwenye kona.

Chini panahitaji kifaa kingine: ukanda wa alumini wenye raba au brashi. Ukate kwa upana wa mlango, uufunge kwa skrubu upande wa ndani, raba iguse sakafu bila kukwaruza.

Jaribu kwa karatasi. Ibane kati ya mlango na fremu, kisha ivute. Ikitoka bila kukwama, mwanya bado upo. Rudia kila upande.

Raba huzuia mvua ya upepo, haizuii mafuriko. Anayeishi bonde la Mto Msimbazi asiitegemee; maji yakianza kupanda, ahame mapema.

La mwisho ni la uhai. Usipikie jiko la mkaa wala kuwasha jenereta ndani ya chumba. Moshi wa vyote viwili una hewa ya sumu isiyo na harufu, na mianya ikishazibwa hukusanyika upesi zaidi. Pikia nje, na madirisha yaendelee kupitisha hewa.