Kazi Iliyotoweka na Kumbukumbu Zake: Maonyesho ya Bern, 1969

Maonyesho ya When Attitudes Become Form, yaliyoandaliwa na Harald Szeemann katika jumba la sanaa la Kunsthalle Bern, Uswisi, kuanzia tarehe 22 Machi hadi 27 Aprili 1969, yanazua swali la msingi: mtafiti asome nini pale ambapo kazi yenyewe haipo tena?

Kazi kadhaa zilikuwa matendo zaidi kuliko vitu. Lawrence Weiner alibandua lipu ya ukuta kwa umbo la mraba. Richard Serra alirusha risasi iliyoyeyushwa kwenye kona ya ukuta na sakafu. Michael Heizer aliivunja njia iliyo mbele ya jumba kwa tufe la kubomolea. Kazi za namna hii zilibaki katika barua, michoro, picha na katalogi. Hifadhi ya nyaraka za Szeemann ilichukuliwa na Taasisi ya Utafiti ya Getty, Los Angeles, mwaka 2011.

Hata hivyo, nyaraka hizo hazina uzito sawa. Barua hudokeza nia kabla ya tendo. Picha hunasa nukta moja tu. Germano Celant alipoyarudia maonyesho hayo mjini Venice mwaka 2013, kazi zilizokosekana ziliwekewa mistari ya vipande mahali pake. Mistari hiyo ilikiri pengo pasipo kulijaza. Mwanafasihi simulizi anaufahamu uadilifu huo: hadithi iliyonakiliwa haichukui nafasi ya utambaji wenyewe.