Pesa Zimeenda Wapi? Panga Miamala Yako kwa Makundi

Mwisho wa mwezi simu imelia kutwa, wateja wamelipa, lakini pesa ya kuongeza stoki haipo. Si lazima uwe umeibiwa. Mara nyingi jibu liko kwenye taarifa yako ya miamala, ila limetawanyika katika mistari mingi. Leo tunakuonyesha jinsi ya kulipata kwa Excel.

Tuseme una duka la rejareja na hii ndiyo wiki yako:

Mauzo: 3,200, 2,750 na 4,050
Stoki: 4,600 na 1,900
Nyumbani: 1,500, 700 na 1,200
Ada: 150

Kwenye taarifa haziji zimepangwa hivi. Zinakuja kwa tarehe, unga wa nyumbani umekaa kati ya mauzo na stoki. Kazi yetu ni kuzitenganisha.

1. Tengeneza nakala ya taarifa. Ile ya kwanza usiiguse.

2. Ongeza safuwima, uiite Kundi. Kila mstari uandikie kundi lake. Tumia neno moja tu: ukiandika "Stoki" hapa na "Stock" pale, kompyuta itahesabu makundi mawili.

3. Panga mistari kwa Kundi ukitumia Sort. Usiruke hatua hii. Excel huweka jumla ndogo kila mahali kundi linapobadilika, kwa hivyo ukiacha mistari imechanganyika utapata jumla kila baada ya mstari mmoja au miwili.

4. Fungua Data, kisha Subtotal. Kwenye "At each change in" chagua Kundi, kwenye "Use function" chagua Sum, halafu weka tiki kwa safuwima za pesa zilizoingia na zilizotoka. Bonyeza OK.

5. Pembeni kushoto, juu, utaona namba 1, 2 na 3. Bonyeza 2. Mistari yote inajificha, zinabaki jumla peke yake.

Sasa angalia. Mauzo 10,000. Stoki 6,500. Nyumbani 3,400. Ada 150. Zilizotoka ni 10,050, yaani zimezidi zilizoingia kwa shilingi 50. Ungeangalia mauzo na stoki peke yake, ungedhani una 3,500 mkononi. Kumbe nyumbani kumebeba karibu zote, kidogo kidogo, bila wewe kujua.

Jumla ikikuletea sifuri, huenda tarakimu zimeingia kama maandishi. Zibadilishe ziwe namba kwanza. Na kama Subtotal haibonyezeki, huenda data yako imewekwa kama Table. Irudishe iwe mistari ya kawaida kwa Convert to Range.

Huna kompyuta? Hata kwenye simu, kwa Excel au Google Sheets, unaweza kutumia fomula. Kama makundi yako safuwima B na zilizotoka ziko D, andika:

=SUMIF(B2:B10,"Stoki",D2:D10)

Hapa hata kupanga mistari si lazima. Ndiyo maana fomula hii inafaa kwa kiolezo: weka miamala kwenye karatasi moja, fomula za kila kundi kwenye karatasi ya pili, kisha uhifadhi faili ikiwa tupu. Kila mwezi unafungua nakala mpya, unabandika miamala, unajaza Kundi, na jumla zinajitokeza zenyewe. Hakikisha tu fomula inafika hadi mstari wa mwisho.

Jambo la mwisho: taarifa hiyo ina majina na namba za wateja wako. Usiitume kwa grupu ya WhatsApp eti mtu akusaidie hesabu, na PIN yako haihitajiki popote kwenye kazi hii.

Anza na wiki moja tu. Ukishaona kundi la Nyumbani limefika ngapi, utajua ujilipe mshahara gani wiki ijayo, na stoki ibaki na pesa yake.