Mtoto Mchanga na Tabia Aliyozaliwa Nayo

Somo: 1 Mose 25:24–28; Zaburi 139:13–16

Mtoto akizaliwa watu wa nyumba hukusanyika wakiuliza, "Afanana na nani?" Hazipiti siku nyingi nao huuliza tena, "Ana tabia gani?" Maswali haya si mabaya, lakini majibu yake yaweza kumjenga mtoto au kumwumiza. Basi, na tuyaangalie.

1. Siku za kwanza. Mtoto mchanga si kama gogo lisilojua kitu. Tangu siku zake za kwanza huitambua sauti ya mama yake, maana aliisikia tumboni. Macho yake huona vema kitu kilicho karibu, kadiri ya sentimita 20 mpaka 30, ndio umbali wa uso wa mama anaponyonyesha. Maziwa ya kwanza ni mazito, tena ya manjano. Wako waliodhani ni machafu, wakayakamua na kuyamwaga. Tusifanye hivyo, kwa kuwa ndiyo yanayomkinga mtoto na maradhi. Anyonyeshwe katika saa ya kwanza, wala asipewe maji wala uji mpaka atimize miezi 6. Uzito wake ukipungua kidogo siku za kwanza, mama asiogope. Kwa kawaida hurudi kabla ya majuma 2 kwisha. Bali akikataa kunyonya, akiwa na homa, akipumua mbio mbio, akishikwa na degedege, au akigeuka manjano siku ya kwanza, apelekwe hospitali mara moja, asingojewe kesho.

2. Tabia zatofautiana. Mama aliyezaa watoto wengi ajua ya kuwa mmoja hulala kwa utulivu, wa pili hulia kwa nguvu, wa tatu huogopa kila uso mgeni. Mwaka 1956 madaktari wawili wa New York, Alexander Thomas na mkewe Stella Chess, walianza kuwafuata watoto 133 tangu uchanga wao. Waliona ya kuwa kadiri ya 40 katika 100 walikuwa wepesi kulea, 10 walikuwa wagumu, 15 walikuwa wazito wa kuzoea mambo mapya, na waliosalia walichanganya tabia. Tena walifundisha ya kuwa shida huzidi malezi yasipopatana na mtoto mwenyewe. Mwenye haya asisukumwe kwa ukali, wala mwepesi asisahauliwe kwa sababu halii.

3. Esau na Yakobo. Hawa walikuwa mapacha wa tumbo moja, lakini mmoja alikuwa mwindaji, mwenzake mtu mtulivu wa hemani. Tofauti hiyo haikuwa dhambi. Kosa la nyumba ile lilikuwa kugawanya upendo: baba alimpenda huyu, mama yule. Nasi twajua matunda yake, ndugu kukimbiana miaka mingi.

4. Tusimhukumu mtoto. Zamani mtoto aliyeota meno ya juu kwanza aliitwa kigego, akadhaniwa kuwa mkosi, na wengine waliuawa. Lakini meno ni meno tu. Leo je, hatusemi, "Huyu ana kisirani," kwa kuwa analia usiku? Watoto wengi wenye afya huzidi kulia mpaka yapata juma la 6, kisha hupunguza. Mama asilaumiwe, asaidiwe. Akilemewa na uchovu, amlaze mtoto mahali salama, amwite mwenzake. Mtoto asitikiswe kamwe, maana ubongo wake huumia.

Martin Luther alizaliwa tarehe 10 Novemba 1483, akabatizwa kesho yake. Siku ile hakuna aliyejua kama atakuwa mpole au mkali. Neema ilitangulia tabia. Vivyo hivyo na watoto wetu: Mungu huwaita kabla sisi hatujawapima. Kazi yetu ni kuwapokea, kuwajua mmoja mmoja, na kuwaombea.

Maswali kwa walimu wa vijiji:
1. Ni majina gani ya hukumu tunayowapa watoto katika usharika wetu?
2. Isaka na Rebeka wangewezaje kuwalea wana wao kwa upendo mmoja?
3. Nani atamtembelea mama aliyejifungua juma hili, naye atamsaidia kazi gani?