Kijana Anapoanza Kuacha Kazi na Wenzake

Wazazi wengi wanamleta kijana hospitalini siku ile anapopiga watu, ao anapozunguka usiku akisema na mtu asiyeonekana. Tukiuliza, Alianza lini? wanajibu, Jana. Lakini tukiuliza tena polepole, mama anakumbuka. Tangu mwaka jana ameacha mpira. Hali bukari pamoja na ndugu zake, anabeba sahani yake chumbani. Shuleni alikuwa mwenye akili, sasa hesabu zinamshinda. Haogi mpaka aambiwe. Baba alisema ni uvivu, mjomba akasema ni kiburi cha masomo.

Ugonjwa mkubwa wa akili hauanguki kama radi. Kwa wengi unatanguliwa na miezi, hata miaka, ya dalili ndogo. Kijana anasikia jina lake likiitwa, akigeuka hakuna mtu. Anafikiri wenzake wanamsema, lakini bado anaweza kujiambia, Labda ni mawazo yangu tu. Hapo wazimu haujafika, na hapo ndipo msaada unafaa sana.

Katika miaka ya 1990 waganga wa Melbourne, katika Australia, walifungua kliniki kwa ajili ya vijana wa namna hii. Mwaka 2007 waganga wa Marekani walitoa kipimo chenye sehemu mbili: namna kijana anavyoishi na watu, na namna anavyofanya kazi ya shule ao ya nyumbani. Kila sehemu ina alama 1 mpaka 10. Vijana wengi walifuatwa, na ikaonekana kwamba wale waliojitenga sana na wenzao walikuwa katika hatari zaidi. Lakini sikieni vizuri: walio wengi hawakuwa wazimu katika miaka 3 iliyofuata. Tena wengi kati ya hao waliookoka waliendelea kuwa dhaifu katika urafiki na kazi, nao pia walihitaji msaada. Basi, msimwite kijana kichaa. Jina hilo likishatoka mdomoni linamfungia shule na ndoa.

Mleteni kwanza apimwe. Malaria ya ubongo, malale na kifafa vinaweza kugeuza akili ya mtu, na vina dawa zake. Tutamwuliza juu ya bangi, maana bangi inazidisha hatari hii, zaidi kwa yule aliyeianza akiwa mtoto. Kama anasema afadhali kufa, msimwache peke yake. Mleteni siku ile ile. Si kila kijana wa namna hii anahitaji vidonge. Mara nyingi tunaanza na mazungumzo, juma kwa juma.

Nyumbani mpeni kazi ndogo, saa ile ile kila siku: kulisha kuku, kupasua kuni pamoja na kaka yake. Akifanya nusu, mshukuruni kwa nusu hiyo. Makelele na maneno ya kumchoma yanamzidishia ugonjwa. Msimlazimishe kukaa katika arusi ya watu mia. Rafiki mmoja anayekuja kukaa naye kivulini anatosha kwa kuanza. Mwambieni mwalimu pia, ili asimpige kwa sababu ya daftari tupu.

Juu ya maombi: ombeni, nasi tunaomba pamoja nanyi. Lakini kumfunga kamba katika chumba cha maombi, kumnyima chakula siku tatu, kumpiga ili pepo watoke, hayo hayaponyi. Njaa na kukosa usingizi vinavuruga hata akili ya mtu mzima mwenye afya. Yesu alipomfufua binti ya Yairo aliagiza apewe chakula.

Mnaporudi kila mwezi, msituambie tu kama alisikia sauti. Tuambieni alikula na nani, alifanya kazi gani, na alikwenda kwa rafiki yake mara ngapi.