Kuchora kwa Simu

Hapa Bukundi, pamba ikishauzwa vijana hutuuliza: tununue kishikwambi cha kuchorea? Tunasema, ngojeni kwanza. Marehemu Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia vibao vya dari na rangi ya baiskeli.

Simu ya kupangusa yatosha kuanzia. Programu ya ibisPaint X ipo ya bure. Matangazo yake ni kero tu. Kalamu ya ncha ya mpira ni rahisi, nayo inafanya kazi karibu kila simu. Lakini kalamu iliyotengenezewa kishikwambi fulani mara nyingi haikubali kifaa kingine. Msidanganywe dukani!

Kidole kikiziba mchoro, kuza picha kwa vidole viwili. Taabu kubwa ni hii: anayeanza hupaka vyote pamoja. Akifuta pembe ya ng'ombe iliyokosewa, anafuta na mbuga nyuma yake. Dawa ni matabaka. Mbuga iwe tabaka la chini, ng'ombe tabaka la juu. Kabla ya kufuta, tazama uko tabaka gani.

Zoezi: Chora kibuyu. Mistari iwe juu, rangi chini yake. Sasa futa rangi tu. Je, mistari imebaki?